Sikio la Bloku

Mkanda ndio uliotangulia kutuambia. Ulilia kidogo, ukanyamaza, halafu taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashibodi. Tulikuwa tunatoka Ndhiwa na magunia ya njugu ya shangazi yangu nyuma, na tulikuwa tumeshaanza kuona mabati ya Rodi Kopany, pale njia panda ambapo barabara ya Ndhiwa inakutana na lami ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay. Baba hakusema kitu. Alizima injini akaiacha pikapu ijivute yenyewe hadi kando ya barabara.

Tulipofungua boneti, oltaneta ilikuwa inaning'inia kwa bolti moja, puli yake imetazama chini kama mtu aliyeaibishwa mbele ya wakwe. Ile bolti nyingine ilikuwa bado imeshika kitu, ila kitu chenyewe hakikuwa tena sehemu ya injini. Kilikuwa kipande cha chuma, kikubwa kuliko kidole gumba changu, kimemeguka kutoka kwenye bloku. Mafundi wanakiita sikio. Mahali kilipotoka palibaki kidonda cha kijivu chenye chembechembe kama sukari guru iliyovunjwa. Nikagusa. Kidole kikatoka cheusi.

Kwa wewe ambaye gari kwako ni kitu cha kuitwa kwa simu, ngoja nieleze. Mbele ya injini kuna puli kubwa inayozungushwa na shafti. Mkanda unatoka kwenye puli hiyo, unapita kwenye pampu ya maji, unapita kwenye oltaneta, unarudi. Oltaneta ndiyo inayovutwa nje ili mkanda ukazike. Sikio likivunjika mkanda unalegea, betri haipati chaji, na mbaya zaidi, maji hayazunguki. Endesha hivyo kilomita chache na injini itachemka mpaka kichwa kipinde. Sikio lenyewe ni kitu kidogo, ukiliokota barabarani utalipiga teke. Lakini lilizaliwa pamoja na bloku, kalibu moja, chuma kimoja, na bloku ndiyo injini. Ndiyo yenye ile namba iliyoandikwa kwenye logibuku.

Baba alianza kuhesabu kwa vidole, kimyakimya. Injini ya mtumba kutoka Nairobi. Usafiri wake. Fundi wa kuifunga. Karatasi za kubadilisha namba. Dada yangu alikuwa form three, na pikapu ile ndiyo iliyokuwa karo.

Kabla hatujaita mtu, kijana mmoja wa kuchomelea alishafika. "Mzee, hiyo ni kazi ya dakika kumi. Mia tano tu." Mashine yake ya stima ilikuwa pale kibandani na waya wake ungetufikia. Baba alimtazama kama mtu anayetupiwa kamba mtoni. Hapo ndipo mwanaume mmoja wa rika la baba alipokuja akijifuta mikono kwenye ovaroli, akainama, akaangalia kile kidonda bila kukigusa.

"Jaduong', usikubali," alisema. "Hii ni kasti. Ukiichoma hivyo hivyo itakulilia."

Nilidhani ni msemo. Baadaye nilijifunza kwamba alikuwa anasema kitu ambacho masikio yake yamekisikia kweli. Chuma cha aina hii, ukikichomelea vibaya kisha ukakiacha kipoe, kinatoa sauti. Tik. Tik. Kila tik ni ufa.

*

Kasti ni jina la gereji. Vitabuni utakuta chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Tofauti yake na stili ni kaboni. Stili ya kawaida ina kaboni chini ya asilimia 1. Kasti ina kati ya 2 na 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imejitenga ndani ya chuma kama vijani vidogo vya grafaiti, kitu kilekile kilichomo kwenye penseli. Ndiyo maana kidole changu kilitoka cheusi. Vijani hivyo vinafanya kasti iwe rahisi kumimina na kukereza, inyonye mtetemo wa injini, isilike haraka. Lakini pia ni kama nyufa elfu zilizokwisha kuanza. Stili ukiivuta itanyooka kwanza, ikuonye. Kasti haina habari ya kuonya.

Sasa weka moto wa stima juu yake. Pale penye ncha ya fimbo ya kuchomelea panayeyuka, na sentimita chache tu kutoka hapo chuma bado ni baridi. Ule ubaridi unanyonya joto haraka sana, na kasti ikipoa haraka inageuka kuwa ngumu kama kioo. Wakati huohuo sehemu iliyoyeyuka inajikunja. Kitu kigumu kama kioo kinavutwa, na upande wa pili wa kidonda chetu, nyuma ya ukuta mwembamba, kulikuwa na njia ya maji ya injini. Ufa ukifika pale, bloku imekwisha. Unauza kwa kilo.

Kwa hiyo ile mia tano ilikuwa kamari, na kilichowekwa mezani ni injini yote. Kijana wa kuchomelea hakuwa tapeli. Milango ya chuma, vitanda, mikokoteni, yote anaiunganisha vizuri, kwa sababu yote ni stili. Alikuwa na ufundi wa chuma kimoja akadhani vyuma vyote ni ndugu.

Swali lililonishika, nikiwa nimekaa kwenye tairi kuukuu nikimwangalia yule mzee akienda kuleta vyombo vyake, lilikuwa jepesi: yeye alijuaje? Rodi Kopany si mji wa kiwanda cha vyuma. Nilimuuliza. Alinijibu jinsi watu wa kwetu wanavyojibu wakiulizwa wao ni nani, kwa kutaja ukoo. Alifundishwa na mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya kiwanda cha sukari. Mtu huyo alikuwa amefundishwa Kisumu, na Mhindi. Yule Mhindi alikuwa wa reli.

Nimetumia miezi kadhaa kuufuata ukoo huo kwa upande wangu, kwenye vitabu. Baadhi ya vizazi vyake vimeandikwa. Vingi havijaandikwa.

*

Usije ukadhani chuma kilikuja na reli. Eneo la ziwa lilikuwa na wahunzi wake karne nyingi kabla ya mtu kusikia jina Uingereza. Milima ya Samia, kule Busia, ilikuwa na mawe yenye chuma, na wahunzi wa Samia walikuwa wakiyachoma kwa makaa kwenye tanuri za udongo, mivukuto ikipuliza mchana kutwa. Majembe yao yalisafiri hadi nchi ya Wajaluo, yakanunua ng'ombe, yakalipa mahari. Kwa Dholuo mhunzi ni jatheth, mtu wa kufua, na alikuwa anaheshimiwa na kuogopwa kidogo, kama kawaida ya watu wanaocheza na moto.

Ila angalia kitu kimoja. Tanuri ya namna ile haiyeyushi chuma mpaka kikawa maji. Inatoa donge laini ambalo mhunzi analipiga nyundo mpaka uchafu utoke. Chuma chake ni kile kinachokubali kupigwa. Ukiweka moto na nyundo, kinakusikiliza. Nadhani ndiyo maana mpaka leo kazi ya kufua majembe, mapanga na springi za lori iko mikononi mwa watu wetu kana kwamba haikuwahi kukatika. Kasti ni mgeni. Kasti ukiipiga nyundo inavunjika, ukiichoma inalia. Jatheth wa zamani angepewa bloku ya Toyota, ujuzi wake wote ungemwelekeza kwenye makosa.

Mgeni huyo aliingia kwa wingi Kisumu. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, na hata kabla ya hapo meli ya William Mackinnon ilikuwa imeletwa vipande vipande ili iunganishwe ufukweni. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill na nyingine, zikizunguka ziwa na kutia nanga Kendu Bay na Homa Bay kubeba ngozi, pamba na watu. Kila meli ilikuwa na injini ya mvuke, na silinda za injini ya mvuke ni kasti. Zikipasuka, Glasgow ilikuwa mbali. Ndiyo maana Kisumu ilihitaji karakana, na karakana ilihitaji watu.

Watu hao walikuwa Wahindi. Kati ya vibarua elfu 32 hivi walioletwa kujenga reli, wengi wao kutoka Punjab, wengi walirudi kwao na elfu sita na ushei wakabaki. Waliongezewa na mafundi waliokuja wenyewe, hasa Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, ambao kwao useremala na uhunzi ni urithi wa ukoo. Huku kwetu wote wakaitwa Kalasinga, na Kalasinga likawa karibu neno la kazi: mtu anayejua mashine.

Chini ya Kalasinga alisimama Mwafrika, akishika taa na kupokeza spana. Hili halikuwa jambo la bahati. Mishahara ya reli na ya serikali ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kazi ikiwa ileile. Serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi cha Kabete katikati ya miaka ya 1920, ikafundisha Waafrika useremala, uashi, uhunzi. Lakini lengo lilikuwa kupata fundi wa bei rahisi kuliko Mhindi. Hakuna aliyekuwa na mpango wa kumwonyesha kijana wa South Nyanza jinsi ya kuokoa silinda iliyopasuka.

Basi alijifunzaje? Kwa macho. Kitabu cha Kenneth King, *The African Artisan*, cha mwaka 1977, kinafuata jambo hilo vizuri: ujuzi ulitoka karakana za Wahindi ukaingia mikononi mwa Waafrika bila cheti na bila somo, kupitia watu walioajiriwa kushika na kubeba. Unashika taa miaka mitano. Mikono yako haifanyi kitu, lakini macho yako yako pale pale mwanga ulipo. Siku unatoka, unaondoka na karakana nzima kichwani. Wizi mzuri kuliko wote, kwa sababu aliyeibiwa hakupungukiwa.

Wakati huohuo kasti ilikuwa inatoka mjini kwenda kijijini, na kilichoibeba si gari. Ni posho mill. Muulize nyanya yako. Mashine ya kusaga ndiyo injini ya kwanza ambayo watu wengi wa Nyanza waliisikia, na kwa miaka mingi injini hiyo ilikuwa Lister ya dizeli kutoka Dursley, Uingereza, chuma kizito cha kusubu chenye gurudumu kubwa ubavuni. Kutoka kwenye gurudumu mkanda bapa, kutoka kwenye mkanda puli, kutoka kwenye puli jiwe la kusagia. Neno puli liliingia vijijini kwa njia ya unga. Na mashine ya unga ikivunjika sikio, kijiji kinalala njaa, au kinamama wanarudi kwenye jiwe la kusagia kwa mkono. Mtu aliyeweza kuiunganisha hakuulizwa cheti.

*

Nitatoka nje ya Nyanza kidogo, kwa sababu kile ambacho fundi wa Rodi alikuwa karibu kukifanya, wakubwa wa dunia walikikuta kwa shida vilevile.

Aprili 1917 Marekani ilipoingia vitani, ilikamata meli za Kijerumani zilizokuwa zimekwama bandarini mwake. Mabaharia wake walikuwa wameshajiandaa. Walichukua nyundo nzito wakavunja silinda za injini katika meli zipatazo 20. Walijua walichokuwa wanafanya: walichagua kasti, kwa sababu wahandisi wa wakati huo waliamini kasti kubwa iliyovunjika haiungiki, lazima imiminwe upya, na kumimina silinda mpya kungechukua mwaka na zaidi. Wamarekani wakafanya mambo mawili. Sehemu nyingine waliziunga kwa moto wa stima, polepole, kwa ustadi ambao haukuwahi kujaribiwa kwa ukubwa ule. Sehemu nyingine hawakuzichoma kabisa. Waliziba kwa viraka vya chuma vilivyofungwa kwa bolti. Kabla mwaka haujaisha meli hizo zilikuwa zinapeleka askari Ufaransa.

Miaka ya 1930, kwenye visima vya mafuta vya Texas, ambako cheche moja ingelipua kila mtu, njia ya pili ikapata umbo lake kamili: unatoboa mashimo kandokando ya ufa, unapigilia funguo za chuma kuvuka ufa kama mtu anayeshona, hakuna moto. Dunia nzima sasa ina shule hizo mbili za kuponya kasti, shule ya moto na shule ya sindano.

Moto unafanya kazi, ila una masharti. Ama upashe bloku yote kwanza mpaka nyuzi mia tano na zaidi, uchomelee ikiwa moto, kisha uizike kwenye majivu au chokaa ipoe usiku kucha. Ama utumie fimbo za nikeli, ambazo ni ghali, uchome vipande vifupi vya sentimita mbili, upige vinyundo vidogo, usubiri, uchome tena. Ama uunge kwa gesi na fimbo ya shaba, ambayo inayeyuka kabla ya kasti na kuishika kama gundi. Yote matatu yanataka bloku iwe nje ya gari, imevuliwa uchi. Kwetu ingekuwa siku tatu na pesa ya kubomoa na kufunga upya.

Hivyo fundi wa Rodi aliponiambia "leo hatuchomi, leo tunashona," alikuwa anachagua shule, na alijua kwa nini.

*

Kwanza aliosha kidonda kwa petroli na brashi ya waya. Kisha akafanya kitu ambacho bado nakionyesha watu Nairobi kama mazingaombwe. Alipaka mafuta taa, akangoja kama dakika tano, akapangusa pakauke, kisha akasugua chaki. Chaki nyeupe ya shule. Tukakaa. Polepole mstari mwembamba wa unyevu ukajichora wenyewe juu ya ule weupe, kutoka ukingoni mwa kidonda kuelekea ukuta wa maji. Ufa ambao jicho halikuuona. Mafuta taa yaliingia ndani yake, sasa yalikuwa yanatoka.

"Umeona vile inataka kwenda?" aliniuliza. "Hiyo ndiyo ingekimbia na moto."

Mstari uliishia kama sentimita mbili kabla ya ukuta. Alichukua keekee na kutoboa tundu dogo la milimita tatu pale pale ulipoishia. Ufa unaenda kwa sababu ncha yake ni kali. Ukiipa tundu la duara, inakosa mahali pa kushika. Mzee wa kiwanda cha sukari ndiye aliyemfundisha hilo, kwa sababu viwanda vya sukari vimejaa kasti. Zile rola kubwa za kukamua miwa ni kasti, na kila msimu meno yake yanalika na lazima yaongezewe chuma kwa fimbo ya stima. Huwezi kufanya kazi hiyo miaka mingi bila kuijua kasti tabia. SONY ilipoanza kusaga miwa Awendo mwaka 1979, sehemu hii ya nchi ilijaa trekta, matrela na watu wa kuvitengeneza. Kabla ya hapo kulikuwa na mgodi wa Macalder, upande wa Migori, na mashine zake za kupondea mawe, hadi ulipofungwa katikati ya miaka ya 1960. Ramani inaonyesha mashamba na samaki. Ukiitazama kwa macho ya fundi, South Nyanza ilikuwa na shule za chuma zisizo na kengele.

Sikio jipya alilikata kwenye kipande cha chesisi ya lori, unene wa milimita 10. Hakulifunga pale lilipovunjika la zamani. Alitafuta kwenye bloku mashimo mawili ambayo kiwanda kiliyaacha na nyuzi zake bila kuyatumia, maana bloku moja huundiwa magari ya aina nyingi, akaongeza la tatu kwa keekee na tapu, mahali penye nyama ya kutosha. Kwa hiyo uzito wa oltaneta ungebebwa na bolti tatu kwenye chuma kizima, na kile kidonda kingepumzika.

Sehemu iliyochukua muda kuliko zote ni tupa. Karibu saa mbili za tupa. Bamba lazima likae sawasawa, kwa sababu puli zote tatu zinatakiwa kutazamana kwenye mstari mmoja. Zikipishana hata milimita mbili mkanda utakuwa unajipinda kila mzunguko, utalia, utakula ukingo wake na kukatika barabarani usiku. Hana chombo cha leza. Alifunga uzi wa nailoni, akauvuta kutoka puli ya shafti hadi ya oltaneta, mwanafunzi wake ameshika upande mmoja. Kama uzi ulikaa kwenye uso wa puli bila kuacha mwanga katikati, sawa. Mara nne haukuwa sawa. Mara nne alifungua bolti zote tatu, akarudi kwenye tupa.

Mara ya tatu baba alianza kutazama saa. Magunia yalikuwa yanangojwa Homa Bay. "Omera, si hapo ni sawa sasa?" Fundi hakuinua kichwa. "Ni sawa ya macho, jaduong'. Bado si sawa ya mkanda."

*

Nikiwa Nairobi nikitafuta watu kama yeye kwenye maandishi, nilikuta wametajwa sana. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kusema "sekta isiyo rasmi". Novemba 1985 Rais Moi alikwenda Kamukunji, akawaona wafua vyuma wakipigwa na jua, akaahidi vibanda. Baada ya hapo neno jua kali likapanda cheo kutoka matusi hadi sera. Mwaka 1992 lilikuwa na waraka wake wa bunge. Katika yote hayo fundi ni ajira, kodi, kibanda, mkopo. Ni idadi. Anachokijua hakimo. Hakuna ukurasa wa chaki na mafuta taa.

Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa na ndoto nyingine. Mwaka 1986 Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata likiwa baya. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa Kasarani, magari machache ya mfano, na nchi ikapiga makofi. Gari halikuwahi kuingia sokoni. Kampuni yake iligeuzwa kuwa Numerical Machining Complex, karakana ya mashine. Mimi silichekei gari hilo kama watu wa mitandao wanavyolicheka. Kusubu bloku yako mwenyewe si mchezo. Lakini naona ajabu jinsi tunavyolikumbuka. Kila mtu wa rika la wazazi wetu anaweza kukutajia Nyayo Pioneer, gari ambalo halikubeba mtu. Muda wote huo watu wa gereji walikuwa wanayaweka barabarani mamia ya maelfu ya magari ya Wafaransa na Wajapani, yakiwa na masikio ya kubandika.

Mwanahistoria David Edgerton, katika *The Shock of the Old* cha mwaka 2006, anawasuta wenzake kwa kosa hili: historia ya teknolojia imeandikwa kama historia ya uvumbuzi, wakati maisha mengi ya mashine ni matumizi na matengenezo. Mojawapo ya mifano yake ni gereji za Ghana. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Angeshukia Rodi angepata sura nzima.

Na kuna sababu ya haraka. Magari yanayoingia sasa, yale ya umri usiozidi miaka minane, mengi yana bloku za alumini. Alumini ina tabia zake, moto wake, na fimbo zake. Ujuzi wa kasti unabaki na pikapu kuukuu, lori, trekta na posho mill, na pamoja na watu wa rika la baba. Mwanafunzi aliyekuwa ameshika uzi siku ile alikuwa na miaka kama kumi na saba, simu mfukoni ikilia kila dakika. Alitaka kujifunza kompyuta ya kusoma makosa ya injini. Sikumlaumu, hapo ndipo pesa inakwenda.

*

Mara ya tano uzi ulikaa. Fundi alimwita kijana, akamwonyesha kwa kidole. "Angalia hapa. Unaona mwanga?" Kijana akainama. "Hapana." "Angalia tena." Akaangalia tena, simu ikilia, hakuishika. "Hakuna mwanga, baba." Ndipo bolti zikakazwa mara ya mwisho.

Baba akawasha. Mkanda ulizunguka kimya. Taa nyekundu ikazimika. Fundi aliweka kiganja juu ya sikio jipya akiacha injini inguruma, kama daktari anayesikiliza kifua, akakaa hivyo muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Akamwambia baba arudi baada ya wiki mbili akaze bolti tena, kisha akataja bei: elfu tatu na mia tano. Baba, mtu anayebishana hata bei ya chumvi, alilipa bila neno, akaongeza mia tano ya kijana.

Tulifika Homa Bay jua likizama. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya duka lililofungwa, akatuuliza tumelala wapi. Pikapu bado inatembea. Dada yangu alimaliza form four.

Sikio lililovunjika nililiomba. Fundi alishangaa. "Hii, nyathina? Ya nini?" Liko hapa mezani ninapoandika, na kila ninapolishika kusogeza karatasi linaniachia alama nyeusi kidoleni.